Kibakuli cha Chumvi

Miaka ile maduka ya Sumbawanga yalipoanza kujaa bidhaa tena, na dagaa wakavu wa Kasanga wakawa wanafika kijijini Pito kwa magunia, ndipo Kasmir alipoambiwa ana presha. Daktari aliwaeleza yeye na mkewe Silvana kwamba apunguze sana chumvi na mafuta, ale mboga za majani kwa wingi. Akifanya hivyo, hatari ya kiharusi ingepungua. Hakusema ingekwisha.

Silvana aliyashika maneno yale kama sala. Akawa anampikia ugali wa ulezi na majani ya maboga yasiyo na chumvi hata chembe. Kasmir alikula bila kunung'unika, ila ndani ya nyumba, peke yake. Wanaume wa jirani walikula pamoja uani kwa Zenon, kila nyumba ikipeleka chakula chake. Chakula cha Kasmir hakikuwa cha kupelekea watu, na angekaa nao, mkono ungemponyoka kwenye dagaa.

Jioni vicheko vilipovuka ua, Kasmir aliacha kutafuna, akasikiliza. Silvana alimwona akinyong'onyea.

"Mama Angela," alimwambia mkewe siku moja, "nitaishi, sawa. Nitaishi na nani?"

Kesho yake Silvana alipika chungu kikubwa, akakipeleka mwenyewe kwa Zenon, na kibakuli cha chumvi pembeni. Akaomba dagaa wakae upande wa mbali na mumewe. Zenon akaonja mboga, akawatazama wenzake.

"Shemeji, hii umepika au umeosha tu?"

Wakacheka, Kasmir kuliko wote. Lakini walikula, kila mmoja akijinyunyizia chumvi upande wake. Ikawa hivyo kila jioni, masika na kiangazi, mpaka kiharusi kilipomwangusha Kasmir shambani, akifukia majani kwenye matuta.

Msibani wengine walisema alijinyima bure.  Kama zile mboga zilimwongezea siku au hazikumwongezea, hakuna aliyejua, naye Silvana hakuwa na wa kumuuliza.

Matanga yalipokwisha, mikono yake ilipika chungu kilekile bila kufikiri. Akakipeleka kwa Zenon pamoja na kibakuli cha chumvi, akarudi kula ndani. Vicheko vilipovuka ua, aliacha kutafuna.

Baadaye vyombo vikarudishwa. Chungu kilikuwa kitupu. Kibakuli cha chumvi hakikuwa kimeguswa.