Majivu kwenye Maji

Mche wa pili ulianguka Jumatano. Athanasi aliukuta umelala ubavu, shina limenywea pale chini na majani mawili yamegeuka manjano. Akaunyanyua kwa kidole, ukalala tena. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, humo humo kwenye besmenti, chumba cha chini ya nyumba yake ya Black Rock, Buffalo, akasikiliza pampu ya hewa ikibwabwaja ndani ya beseni. Sasa ulibaki mche mmoja tu.

Usidhani ni nyanya, ingawa kwenye simu ndivyo alivyoziita. Ilikuwa bangi. Na usimhukumu haraka, mjue kwanza. Athanasi hakuwa mvutaji. Hata bia alikunywa kwa kubembelezwa. Alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, mwanakwaya, mpakiaji wa masanduku kiwandani, na pale Buffalo watu walimwita Baba Ima kwa ajili ya binti yake wa pekee, Immaculée, aliyekuwa na miaka saba. Bangi ilikuwa ya Ima. Mtoto alikuwa anaanguka.

Kifafa. Neno lenyewe halikutamkwa nyumbani mle, yeye na mkewe Florida walisema "ile hali." Daktari aliwapa dawa ya kumeza asubuhi, alasiri na usiku, na kweli hali ilitulia, kisha ikarudi, na mwaka ule wa 2015 ikawa haitulii tena. Ndipo Ruberwa, rafiki aliyefanya naye kazi kabla ya kuhamia Gahanna kule Columbus, alipomsimulia habari za watoto aliowaona kwenye televisheni, waliopewa mafuta ya mmea huo wakaacha kuanguka. Ruberwa akampa mbegu na taa ya zambarau. Ujuzi hakumpa, maana hakuwa nao.

"Bon, ni kitu rahisi," alimwambia. "Maji, taa na hewa. Udongo unaleta wadudu tu."

Rahisi, naam, kwa anayesimulia. Anayefanya ndiye anayejua. Polisi wakishuka zile ngazi, kazi imekwenda, uraia anaouomba umekwenda, na huenda Ima akapelekwa kulelewa na watu baki. Athanasi alilijua hilo kila aliposhuka. Alishuka hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa amemshika mtoto wake akitetemeka sakafuni mara nyingi kuliko moyo wa baba unavyoweza kubeba.

Majani yalipoanza manjano alimpigia Ruberwa, naye akashtuka. "Usiseme hiyo kitu kwa simu, ndugu yangu. Sema nyanya."

"Basi nyanya zina manjano."

"Labda ziko na kiu."

"Ziko ndani ya maji, Ruberwa."

"Donc, basi zimeshiba." Na hapo elimu ya Ruberwa ikaisha.

Akabaki mama yake. Goreth aliishi Beechmont, Louisville, na kule Mtabila hakuna aliyemfikia kwa mkono wa kuotesha. Nyanya zake zilikuwa zinanunuliwa zikiwa bado maua. Athanasi akampigia, akamdanganya bila kupepesa.

"Mama, nimeotesha nyanya ndani ya nyumba. Zinageuka manjano, shina linanywea."

"Unazimwagilia mno?"

"Hapana, Mama."

"Basi udongo wako umechacha. Tia majivu, kidogo tu, kwa vidole. Umesahau kitalu chetu?"

Hakusahau. Kambini majivu yalikuwa dawa ya kila kitu: viwavi, siafu, udongo mchachu. Akakusanya majivu kwenye jiko la kuchomea nyama nyuma ya nyumba, akayatia kwenye beseni, kwanza kwa vidole, kisha kwa kiganja, kwani mwenye hofu hana kipimo. Baada ya hapo ndipo mche wa pili ukaanguka, nasi tumemkuta ameketi juu ya ndoo.

Ungemuuliza kwa nini hakumwambia mama yake ukweli, angekujibu kwa jina moja: Liberati. Huyo ndiye kaka yake mkubwa. Zamani, faili la familia yao likiwa tayari kwa safari ya Marekani, Liberati alikamatwa na mashina ya bangi nyuma ya choo. Akafungwa, jina lake likaondolewa kwenye faili, ndege ikaruka bila yeye, na mpaka leo amebaki Afrika. Goreth hakuwahi kulitaja jani lile tangu siku hiyo.

Na kuhusu Ima? Hapo pia alikuwa kimya. Goreth akiambiwa ataombea, na akiombea ataombea kwa sauti kwenye kikundi cha maombi, na kabla wali haujaiva Beechmont nzima itajua, na Buffalo nayo. Kuna watu kwao ambao bado waliamini kifafa huambukiza kwa mate. Mtoto wa hivyo huwekewa sahani yake peke yake, na akikua nani atamposa? Kwa hiyo hakuambiwa bibi, hakuambiwa padri, hakuambiwa hata Mama Karaha, jirani Mkongomani aliyekaa na Ima kila alasiri baada ya shule, wazazi wote wawili wakiwa kazini. Siri ilifungwa kwa kufuli.

Ijumaa simu ikalia.

"Gaudiosi ana ubatizo huko kwenu Jumapili," alisema Goreth. Gaudiosi alikuwa mpwa wake mwenye gari. "Nimemwambia anibebe. Nije nizione hizo nyanya kwa macho yangu. Mche haufi hivi hivi, mwanangu. Kuna kitu."

"Mama, safari ni ndefu, na miguu yako..."

"Miguu haiendeshi gari."

Jumamosi mchana akapiga Ruberwa, akinong'ona kama yuko kanisani. "Mama yako iko hapa kwangu Gahanna. Wamepita kula. Ameniuliza ile nyanya ni ya mbegu gani. Nimwambie nini?"

"Umemwambia nini?"

"Nimemwongezea nyama."

Toka Columbus mpaka Buffalo ni mwendo wa kutosha mtu kumwaga beseni, kuvunja taa na kufagia. Athanasi alishuka kwa nia hiyo. Akakuta mche uliobaki bado umesimama, mwembamba, na katikati ya majani ya manjano kumechomoza jani jipya dogo kama kucha ya mtoto mchanga. Mikono ikamgoma. Juu alimsikia Ima akiimba na katuni za televisheni. Akachukua blanketi akafunika kila kitu, na pampu hakuizima, kwa kuogopa jani lile lisije likakosa hewa. Huo ukawa ujinga wake wa mwisho kwa siku hiyo, na ndio uliomuumbua.

Walifika kabla ya jua kuzama. Gaudiosi alimshusha shangazi yake na mifuko ya unga, akaenda kwa watu wa ubatizo. Florida alikuwa bado kazini, akihudumia wazee. Goreth alimkumbatia mjukuu wake, akamsifu kwa kurefuka, akakataa chai, akasimama katikati ya jikoni akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni nini kinachobwabwaja huko chini?"

"Mashine ya kupasha moto, Mama. Keti kwanza."

"Mwezi huu wa joto mnapasha moto nini?"

Akashuka. Athanasi akamfuata akisema hili na lile, na kila alilosema lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Goreth akavuta blanketi. Mwanga wa zambarau ukampiga usoni. Akainama, akaugeuza mche kwa kidole, akatazama meno ya lile jani.

"Athanasi."

"Mama, nisikilize."

"Niliacha mtoto mmoja kwa ajili ya hiki kitu. Nilipanda ndege namwona amesimama nyuma ya waya. Leo nimekuja kumwacha wa pili?"

"Si ya kuvuta. Naapa."

"Na Liberati aliapa."

Akachovya mkono kwenye beseni, akasugua vidole. Maji yaliteleza. "Umetia majivu humu?"

"Ulisema nitie."

"Kwenye udongo nilisema. Majivu kwenye maji ni magadi, mtu wewe. Kila mwanamke aliyepika maharage anajua. Umeinywesha magadi." Akajifuta mkono kwenye kitenge. "Ungeniambia ni maji, nisingekwambia majivu. Unanificha ugonjwa halafu unaniomba dawa?"

Kabla Athanasi hajajibu, kitu kilianguka kwenye sakafu ya juu. Kishindo kimoja, kisha visigino vikigonga mbao.

Alizipanda ngazi kwa hatua ambazo hakuzikumbuka baadaye. Ima alikuwa chini kati ya meza na kochi, macho yamegeuka, mate yakimtoka. Athanasi akasukuma meza, akamlaza kwa ubavu, akamlegezea kola, akabaki amepiga magoti akimwita jina kwa sauti ya chini. Alijua mama yake amesimama nyuma yake. Alijua sasa ameona. Aibu ikamshika, kisha akajichukia kwa kuona aibu.

Goreth alifungua kitenge chake kiunoni, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa cha mjukuu wake. Halafu, kwa mkono wake mtupu, akamfuta mate. Mate yale yale ambayo watu wa kwao huyakimbia. Akafuta tena, polepole, mpaka mtoto alipotulia na kuanza kupumua kwa nguvu za usingizi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ana miaka mitano."

"Na ile ya chini ndiyo dawa yake?"

"Ndiyo, Mama. Za daktari zimeshindwa."

Goreth hakuondoa macho kwa mtoto. Aliuliza kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia kitalu, na safari hii Athanasi hakuwa na nguvu ya kudanganya.

"Za daktari anakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi. Alasiri. Usiku."

"Asubuhi nani anampa?"

"Mimi. Usiku ni Florida."

"Alasiri?"

Athanasi akavuta kitenge kikae sawa chini ya kichwa cha mtoto.

"Alasiri yuko kwa Mama Karaha," akasema.

"Mama Karaha anampa?"

"Mama Karaha hajui."

"Kwa hiyo ya alasiri hainywi."

"Siku tukiwa nyumbani anakunywa."

"Mko nyumbani siku ngapi?"

Athanasi aliliona lote mara moja: vile vidonge vya alasiri vilivyokuwa vikibaki kwenye chupa, yeye akimwambia daktari "anakunywa zote," daktari akiamini. Alikuwa amekesha na bangi kumbe dawa ilikuwa kabatini, imefungiwa na siri yake mwenyewe. Machozi yakamtoka hapo sakafuni, mbele ya mama yake, kama mtoto.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema Goreth, na hakulisema kwa kumkomoa. "Jumatatu tutakwenda kwa daktari wote, nawe utamwambia. Ile ya chini nitaing'oa mimi, leo. Wewe nenda kwa huyo mama."

"Sasa hivi?"

"Mtoto yuko nami."

Nyumba ya Mama Karaha ilikuwa ya pili kutoka kwao. Athanasi alitembea na chupa ya dawa mkononi, na mwendo ule mfupi ulimshinda kuliko masanduku yote aliyowahi kubeba. Alitunga namna ya kulisema. Aliitupa. Akagonga.

Mama Karaha alifungua akiwa na unga wa fufu mikononi. "Karibu, Baba Ima. Kuna nini?"

"Mama Karaha, mtoto wangu ana kifafa." Likatoka. Akanyoosha chupa. "Kuna dawa anapaswa kunywa akiwa hapa kwako. Nilikuwa sijakwambia."

Mama Karaha alitazama chupa, kisha akamtazama yeye, na uso wake haukubadilika kwa mshangao. Ulibadilika kwa huzuni.

"Ile niko naijua," alisema taratibu. "Alianguka hapa kwangu. Si mara moja."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mutoto mwenyewe alinilomba. Kila akiamka ananishika mukono. Anasema, Mama Karaha, usiambie Baba. Baba hapendi watu wajue."

Athanasi alisimama mlangoni na chupa mkononi, asijue aiweke wapi. Mama Karaha akajipangusa unga kwenye nguo, akaichukua.

"Saa ngapi?" akauliza.