Barua ya Kufunga Chemchemi

Mimi Eliaichi, karani wa kampuni ya safari pale Karatu, nilikuwa najiona mtu mwema. Kumbe!

Mwaka 2009 mvua iligoma kabisa. Serikali ilikuwa inaandaa mpango wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, na Ijumaa moja kamati yake ingeamua kama wafugaji wa Olbalbal wanyweshe mifugo kwenye chemchemi iliyo karibu na kambi yetu ya watalii. Kwenye vipeperushi kampuni iliapa iko upande wa wafugaji. Kwa kamati ikaomba wazuiwe, eti ng'ombe wanaharibu vyanzo vya maji. Barua niliichapa mwenyewe. Meneja wetu, Bwana Zablon, aliniagiza nitumie karatasi ya chama cha wenye kambi, jina letu lisionekane. Barua zote za aibu tulizifanya hivyo.

Jumatano ya wiki hiyo akaja Evelyn, mkaguzi kutoka makao makuu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha tunayoiambia serikali ndiyo tunayoyatangaza. Akikuta tofauti, ana mamlaka ya kuifuta barua papo hapo.

Asubuhi hiyo Saruni, mmoja wa wafugaji hao, alifika kwa miguu kutoka Olbalbal. Mkewe, Sinyati, ndiye aliyeniletea maziwa nilipomzaa Dennis, maana sikuwa na ndugu mjini. Walibakiwa na ng'ombe arobaini na mmoja, wengine hata kusimama hawawezi. Aliniomba nimsemee kwa mgeni. Nikamwambia aende kwa amani, nitasema.

Evelyn aliniuliza kama tumeiandikia serikali chochote kuhusu maji au tabianchi. Zablon alikuwa amesimama mlangoni, ananikodolea macho. Nikaiona kazi inaniponyoka.

"Kampuni haijaandika kitu," nikasema.

Si uongo, nikajiambia, ni chama kilichoandika. Mshenzi mimi! Evelyn akatia tiki kwenye fomu, akamaliza chai yake, akaondoka. Ijumaa chemchemi ikafungwa.

Mwezi uliofuata makao makuu walitupongeza kwa uwazi, wakaniteua mimi nisimamie barua zote tunazoiandikia serikali. Wiki hiyohiyo Saruni akaja getini, amekonda, macho yameingia ndani. Ng'ombe wamekwisha wote, akasema. Nikangoja anitukane. Jamani, nilitamani anitukane.

"Sinyati kanituma nije kushukuru, mama Dennis," akasema. "Hapa mjini ni wewe peke yako uliyetusemea."

Nami, bila haya, nikamkaribisha chai.