Nyama Mfukoni

Damu ya Rael ilidondoka mchangani, na mchanga wa Jidda, uliochomwa na jua mchana kutwa, ukainywa mara moja. Metrine alimshika Roki shingoni kwa mikono miwili. Koo la mbwa lilikuwa bado linanguruma kama gari linalokataa kuwaka.

"Ni mkono wa kazi, Metrine," Rael alisema taratibu. "Wa kulia."

Uwanja ule ulizungushiwa waya, na ndani yake mbwa wa matajiri wa mtaa wa Al-Hamra waliachwa huru kila jioni. Wenye mbwa hawakuja. Walituma wafanyakazi wao wa nyumbani, kama Metrine na Rael. Roki alinunuliwa na mwana wa madam, mwajiri wa Metrine; mwana huyo baadaye alikwenda kusoma ng'ambo. Madam hakumgusa, asije akachafuka kabla ya sala. Basi Roki akawa wa Metrine, kama vyombo na pasi, ila pasi haikumkimbilia mlangoni kila alfajiri kwa furaha ya kumwona.

Kwao Kakamega mbwa huitwa kwa tonge. Ndiyo sababu Metrine alitia vipande vya kuku mfukoni mwa abaya, akamwita Roki arudi. Hakuwaza kwamba kwao mbwa alikuwa mmoja tu, na hapa walikuwa wengi, wote wamefunguliwa, wote wana pua. Mbwa mdogo aliyeletwa na Rael ndiye aliyetangulia kufika. Roki akamrukia. Rael akaingiza mkono kumwokoa, na meno ya Roki yakaupata.

Jioni ile Metrine alipiga magoti katika chumba cha kufulia. Aliomba ujasiri wa kusema kweli, hata kama kweli ingemrudisha kwao mikono mitupu. Alipoinuka, moyo wake ulikuwa mwepesi. Aliamini kweli ingemwokoa Roki.

"Madam, kosa si la mbwa. Ni langu. Nilikuwa na nyama mfukoni."

Madam hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Sawa. Wewe utabaki. Mbwa halas, aondoke."

"Nitamfunga kamba, madam. Nitamtembeza peke yake, kabla watu hawajatoka."

"Mwenye yule mbwa mdogo amempigia baba mwenye nyumba simu. Halas, Metrine. Leta chai."

Akaenda kuchemsha chai. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Hakujiandaa kwa kweli kupokewa na kuwekwa kando kama kikombe kitupu.

Asubuhi Bonface, dereva wa nyumba ile na mtu wa Bungoma, alifungua mlango wa nyuma wa gari. Roki alikaza miguu, hakuingia.

"Unampeleka wapi?" Metrine aliuliza.

"Nimeambiwa nishike njia ya jangwani, nifungue mlango, nirudi."

"Bonface. Hakuna mtu wa kumchukua?"

"Aliyeuma? Nani atamtaka? Nikuambie nini, dada. Hata mimi ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, iko mikononi mwa baba." Akajaribu kucheka. "Na huyu jamaa ananitazama kama askari wa trafiki. Anakusikia wewe tu. Mwite, tafadhali. Nikimvuta ataniuma, halafu tutakuwa na mikono miwili yenye bandeji."

Metrine alifumba macho aombe. Maneno hayakuja. Alipoyafumbua, Roki alikuwa akimtazama, masikio yamesimama.

"Roki," alisema kwa sauti ya chini. "Ingia."

Roki akaruka ndani mara moja. Alizunguka juu ya kiti, akajilaza upande mmoja, akamwachia Metrine nafasi.