Mali Unayoshika

Perpétue hakuwa malaika, tusidanganyane. Alikuwa na ulimi wa upupu, alichelewa kazini kila mvua iliponyesha, na Jumapili baada ya misa hakukataa glasi ya kasiksi, pombe ya ndizi, wala ya pili. Ila kuna jambo moja hakulifanya: hakula madesu ya bana, ile hongo ya chini ya meza. Katika biro ile ya mji wa Goma alimowagawia mama wa sokoni nafasi za meza, biro ambamo kila karatasi ilikuwa na bei ya mlangoni na bei ya kificho, wenzake waliwaambia wenye shida kwamba mkono mtupu haulambwi. Perpétue aliandika, akapiga muhuri, akasema mwingine aingie. Walimwita Ma Sœur, kwa kumcheka. Aliwajibu kwamba sista halisi angekuwa ameshawapiga viboko.

Nyumbani mambo yalibana. Mumewe, Kambale, mtu wa Butembo, alifanya biashara ya maharage barabara ya Bunagana, na kila vita ilipofunga njia alikaa kitini akitazama dari. Walipanga vyumba viwili Katoyi, wao na watoto wao. Na bado, kule Ndosho, kulikuwa na parseli, kipande cha ardhi ya mawe meusi, ambacho karatasi yake ilikuwa na jina la Perpétue. Hakikuwa chake. Kilikuwa cha Mukamugema, na majirani walijua hivyo.

Mwaka volkano ilipokula mji, Perpétue alikimbilia Sake kwa miguu, mwanawe Bénie, bado mchanga, mgongoni, hajui mume yuko wapi. Mwanamke mmoja aliyeteremka kutoka milima ya Masisi kuuza maziwa alimtazama, akafunga vibuyu vyake, akamwambia twende. Ndiye Mukamugema. Alimlaza nyumbani kwake, akamlisha viazi na maziwa mpaka mtoto akanenepa, na siku ya kuagana hakutaka kusikia habari ya malipo. Kisha vita ikapanda ile milima. Nyumba ikachomwa, mume akauawa, na kadi yake mwenyewe ya kitambulisho ikaungua pamoja na sanduku. Mukamugema akafika kambi ya wakimbizi ya Mugunga na watoto wake, ng'ombe wachache mbele yake. Aliwauza upesi kabla wenye bunduki hawajawaona, akanunua ile parseli. Lakini kuandikisha ardhi kunataka kadi, na kadi mpya inataka shahidi kutoka kijiji ambamo hakuna aliyebaki. Basi akafanya kama watu wanavyofanya. Aliita majirani wawili, akaleta kibuyu cha maziwa, akamwambia Perpétue mbele yao, "Unishikie." Perpétue akanywa, akajibu, "Nimeshika."

Huko kwao neno hilo si la mchezo. Aliyeshika hana kitu. Ukishikishwa mbuzi, akizaa, mtoto ni wa mwenyewe. Akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, hata kama ni mwendo wa siku nzima. Hakuna karatasi, na hakuna mtu mwenye akili anayeidai.

Ndipo ikaja semina ya maadili. Aliyeiongoza alikuwa kijana aitwaye Jeancy, shati limepigwa pasi mpaka likakosa raha, na hakuwa mtu mbaya. Aliamini alichokisema, maskini. Alisema kila mfanyakazi wa mji atatangaza mali yake, ili mwizi aonekane pale nyumba yake inapozidi urefu wa mshahara wake. Watu walipiga makofi huku wakikanyagana miguu chini ya meza. Kisha akagawa fomu, Kifaransa juu, Kiswahili chini ili kila mtu aelewe. Kifaransa chake hata wenye diploma walikikodolea macho. Kiswahili kilisema: Andika mali yote unayoshika.

Perpétue alisoma, akafurahi kabisa. Hatimaye Leta, serikali yenyewe, imejifunza kusema kama watu! Imejua kuna kitu chako na kuna kitu unachoshika, na imeweka nafasi ya hicho cha pili. Aliinua mkono akauliza kama inahusu hata kile ulichoshikishwa na mtu. Jeancy, macho yakiwa kwenye mstari wa Kifaransa, alijibu kwamba inahusu kila kitu chenye jina lako, mama, na ukiacha hata kimoja umedanganya.

Shefu wa biro, Léopold, alikuwa na nyumba ya ghorofa pale Himbi kwa jina la mama mkwe wake, kizee wa Butembo ambaye hajawahi kupanda ngazi maishani. Léopold aliandika kitanda, redio na kuku. Akamwinamia Perpétue akamnong'oneza, "Mama Bénie, mutu anaandika kuku. Andika kuku." Perpétue alimcheka. Akaandika parseli ya Ndosho, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya jina la mwenyewe, akaongeza pembeni kwa herufi ndogo: ya Mukamugema, ninashika. Aliyekuja kunakili fomu kwenye mashine aliandika yaliyomo ndani ya mistari, basi.

Walipopima mali na mishahara, nyumba za ghorofa hazikuonekana, magari hayakuonekana. Katika biro nzima alionekana mtu mmoja tu mwenye mali isiyoelezeka, naye ni Ma Sœur.

Aliitwa mbele ya tume ya watu watatu. Alieleza yote, volkano, maziwa, kadi iliyoungua, akaomba majirani wawili waitwe. Mkubwa wa tume alimsikiliza kwa subira, na hiyo subira ndiyo iliyomtia hofu. Kisha akauliza kama kuna karatasi. Jeancy, aliyekuwa amekaa kando, alisimama akajaribu kueleza lile neno, kwamba kosa ni la fomu, kwamba wenyeji wakisema hivi wana maana hii. Akaambiwa akae, sheria iliandikwa kwa Kifaransa.

"Kushika ni kuwa nayo, mama," mkubwa akasema. "Kama ni yako, utuambie umeitoa wapi. Kama si yako, umeidanganya Leta kwenye karatasi ya ardhi, na parseli ni ya Leta."

Alitoka nje. Aliogopa jela, ndiyo, nani asiyeiogopa, lakini alichokiona machoni kilikuwa kibao cha Leta kimechomekwa katikati ya yale mawe meusi. Léopold alimfuata uani, na, tumpe haki yake, hakumcheka. Alimwambia dawa iko: Kambale aje aape kwamba walinunua ile ardhi kwa faida ya Bunagana. Mfanyabiashara haulizwi mshahara. Watapiga muhuri, na mambo yataisha.

Perpétue hakutaka kufanya hivyo kisirisiri. Alipanda pikipiki mpaka Mugunga, akakaa chini ya plastiki ya Mukamugema, akamweleza kila kitu huku akilia. Mukamugema alikuwa akichambua maharage na hakuacha kuchambua. Alisema tu, waambie ni yako, mradi isiende kwa Leta. Aliyeshika ni wewe. Perpétue alirudi mjini moyo umetulia kidogo.

Kambale alikwenda, akainua mkono, akaapa. Mke na mume wakatia sahihi, muhuri ukagonga. Katika semina iliyofuata Perpétue alisimamishwa mbele ya wafanyakazi wote wa mji, akatajwa kuwa mfano: mama aliyetangaza mali yake bila kuogopa. Walipiga makofi, Léopold zaidi ya wote. Perpétue aliona haya hata akakosa pa kuweka mikono yake.

Halafu kule kaskazini watu wa mji wa Beni wakaanza kuchinjwa. Julien, mdogo wake Kambale, alifika Goma na mkewe Charline na watoto, bila kitu zaidi ya nguo za mwilini, Charline amefungwa mkono kwa kitambaa pale panga lilipompita. Wakajazana katika vyumba viwili vya Katoyi. Usiku ukitaka kwenda nje, unakanyaga mtu. Mwenye nyumba alianza kunung'unika, tena waziwazi. Siku moja Perpétue alirudi kazini akakuta vyumba vimepata hewa. Kambale alikuwa amewapeleka Ndosho.

Perpétue alimpigia kelele kwa mara ya kwanza tangu waoane. Kambale hakupandisha sauti.

"Niliapa ni yetu," alisema. "Mbele ya Leta, na Mungu akisikia. Sasa nimuambie mudogo wangu alale njiani na parseli yetu iko wazi?"

"Unajua ni ya nani."

"Najua. Na wewe ulijua, siku ulinipa kalamu."

Hakuwa mwizi, Kambale, na hilo ndilo lililomkera Perpétue. Kama angekuwa mwizi, yeye angemtukana akapumua. Alimtafuta Jeancy, lakini mradi wake ulikuwa umekwisha na simu yake haikupatikana. Alikwenda kwa mwandishi wa tume, akamuuliza kwa mzunguko, kama vile anamuulizia rafiki, kama mtu anaweza kufuta kiapo. Mwandishi alimtazama juu ya miwani. Alisema anaweza: yeye na mumewe wataingia jela kwa kuapa uongo, na ardhi itachukuliwa. Kuihamisha kwa jina la mwingine ndiyo usiseme, kwani mtu akihamisha mali baada ya kuitangaza anajulikana anaificha. Perpétue alishukuru, akatoka. Alijipiga kichwa kwa ngumi pale pale kwenye ngazi. Kila mlango alioufungua kuiokoa ile parseli ulikuwa umefungwa nyuma yake.

Wiki chache baadaye ikatangazwa kwamba kambi ya Mugunga itafungwa na kila mtu atafute pa kwenda. Mukamugema hakuhangaika kama wenzake. Alituma habari kwamba anakuja Ndosho kupima pa kuweka nyumba.

Perpétue alimtangulia. Njia nzima alitengeneza maneno. Julien alikuwa amepanga mawe ya msingi na kusimamisha mbao za ukuta wa kwanza. Watoto walibeba mawe madogo wakiimba kitu cha Kinande. Mukamugema akatokea kwa chini, turubai ya kambi imekunjwa kichwani, akasimama mpakani. Alitazama mbao. Alitazama watoto, mmoja baada ya mwingine.

Charline, aliyefundishwa adabu vizuri, alimpokea mzigo kwa mkono wake mzima, akamketisha kwenye kigoda, akamletea maji. Kisha akamgeukia Perpétue ili watoto wajue namna ya kumsalimu.

"Mama Bénie, huyu mama ni nani?"

Jibu lilikuwa moja na fupi. Perpétue alifungua kinywa kulisema. Aliona akilini Julien aking'oa mbao, wale watoto barabarani na jioni inaingia, maneno yakiruka ua mpaka kwa jirani na kutoka kwa jirani mpaka mjini, Kambale kizimbani. Alimtazama Mukamugema amwokoe, na Mukamugema alikuwa akisubiri tu, kikombe mkononi.

"Ni mugeni wangu," Perpétue alisema.

Mukamugema alikunywa maji yote. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru Charline, akamuuliza mkono unaendeleaje na watoto wanaitwa nani. Aliyarudia majina yao vizuri, bila kukosea. Kisha akasimama.

"Mugeni anaomba njia," alisema.

Perpétue alichukua turubai, akamsindikiza kama desturi inavyotaka. Barabarani Mukamugema alipokea mzigo wake, akajitwika kichwani, akaenda upande wa Mugunga.