Usiku wa Saa Tano Asubuhi

Jumatano, kipindi cha pili, Mwalimu Pettifer aliandika ubaoni vitu ambavyo kila video ya muziki wa mjini huwa navyo: usiku, sweta la kofia liitwalo hudi, ukuta uliochorwachorwa, gari la gharama, na vijana waliokunja sura nyuma ya anayeimba. Akafunika kalamu yake. Mradi wa mwisho, akasema, ni kutengeneza video ya namna hiyo, na alama za juu zitakwenda kwa atakayezitumia kanuni hizo na kuzipinga papo hapo.

"Ila mzipinge kwa adabu," akaongeza. "Msahihishaji lazima ajue anatazama nini."

Isatu Kargbo, aliyekaa dirishani, aliamua palepale kwamba atazipinga zote. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kimemwekea nafasi ya kusomea uongozaji wa filamu, kikingojea alama za mradi huu. Lakini zaidi ya alama alikuwa na mdogo wake, Foday, miaka kumi na sita, fundi wa mistari, ambaye marafiki walikuwa wamemwita mara nyingi kwenye video zao na mara zote amekataa. Kila mmoja alimtaka avae hudi na asimame gizani chini ya daraja la reli.

"Nitakuimbia, sista," Foday alimwambia jioni ile wakila wali na mchuzi wa majani ya viazi. "Lakini unitoe mchana. Watu wanione uso. Kama ni mambo ya giza, tafuta mwingine."

"Mchana kweupe. Nakuahidi."

"Na ahadi ni deni," akasema mama yao, aliyekuwa mpishi wa shule ya msingi na hakupenda maneno yanayoachwa mezani kama makombo. "Mtoto ana sura ya marehemu baba yangu. Msije mkaificha."

Jumamosi wakaenda kwenye kibustani ambacho Mama alikikodi kule Plumstead. Jua la Mei lilikuwa kali kwa kipimo cha London, maana yake watu walikuwa wamevua makoti na kulalamika. Foday alisimama katikati ya maharage yaliyopanda mitini, shati jeupe, akaghani mistari juu ya vitunguu vya mama yake na mvua isiyo na haya. Bwana Whitlock, mstaafu wa reli mwenye kibustani cha jirani, alikubali kusimama nyuma yake na keni ya kumwagilia. Hakukunja sura, ila alimwagilia viatu vyake mwenyewe.

Jumatatu Isatu aliifungua kazi yake kwenye chumba cha kuhariri. Jua lilikuwepo. Maharage yalikuwepo, na Bwana Whitlock aling'aa kama sufuria mpya. Lakini Foday alikuwa usiku. Usiku ulimzunguka hatua chache kila upande, ukaenda naye alikokwenda, na Bwana Whitlock alipokatiza karibu yake alififia, kisha akatokea upande wa pili amewaka tena.

Isatu aliongeza mwanga mpaka maharage yakawa meupe kama meno. Usiku haukupungua. Akamwita fundi wa vifaa, ambaye aliigeuza kamera, akaifuta lenzi kwa shati lake na kuirudisha.

"Kamera nzima," akasema. "Wavulana kama huyu hutoka hivyo. Mwaka jana walikuwa wawili."

Kwenye kompyuta ya jirani alikuwepo Fergus Lyall, mtoto wa daktari wa meno, ambaye alikuwa ameufuata ubao neno kwa neno: hudi jeusi, bastola ya plastiki, gari la mama yake, paa la jengo la maegesho, usiku wa manane. Video yake ilitoka mchana. Anga lilikuwa la buluu, ndege walilia, na rafiki zake waliokunja sura walionekana kama watu wanaoota jua tu. Mwalimu Pettifer alisimama nyuma yake akiitikia kwa kichwa taratibu.

"Huu ndio upinzani," akasema. "Umeivunja kanuni, Fergus."

"Sijavunja kitu, Mwalimu. Tulipiga usiku."

"Usijishushe, kijana."

Kisha akahamia kwa Isatu. "Wewe usiku umeutumia vizuri. Ila umefuata tu. Upinzani uko wapi?"

"Nilipiga saa tano asubuhi, Mwalimu."

"Kinachosahihishwa ni kinachoonekana."

Isatu alipandwa na hasira. Akaizima kompyuta, maana msichana mweusi kama yeye akipaza sauti chuoni huitwa mkorofi, na jina hilo likishakuganda halitoki hata kwa maji ya moto. Aliazima kamera nyingine, akangoja Jumamosi.

Safari hii usiku haukungoja kamera. Foday alipoingia tu kwenye maharage, ulimshukia. Maua yalifunga, mbweha akaja kujilaza miguuni pake, na konokono wakaanza kutoka chini ya mawe.

"Kijana, sogea huko kwenye magugu," Bwana Whitlock akamwambia kutoka juani. "Ukikaa hapo konokono watanimalizia letusi."

"Samahani, mzee," Foday akasema, akasogea, usiku nyuma yake.

Mama, aliyekuja na chai, aliingia gizani akampapasa mikono. Ilikuwa ya baridi. Akavua koti lake, akamvisha, akamvutia kofia ya koti mpaka kwenye paji la uso. "Usiku una baridi," akasema. "Imba, umalize, twende nyumbani."

Foday alikuwa kwenye ubeti wa pili walipofika maafisa wawili wa polisi. Mtu kwenye nyumba za ng'ambo ya uzio alikuwa amepiga simu. Walikuja juani wakiwa na tochi zinazowaka.

"Unafanya nini hapa usiku huu?" akauliza yule mrefu.

"Ni saa tano asubuhi," Foday akasema.

Afisa akaitazama saa yake. "Ni kweli, ni saa tano asubuhi," akakubali. "Sasa unafanya nini hapa usiku huu?"

Wakampekua. Kwenye mfuko wa koti walikuta kisu.

"Koti ni langu, na kisu ni changu," akasema Mama. "Nakatia majani ya viazi. Hiki si kibustani?"

"Mama, tunazungumza na kijana."

"Mimi ninavyo vinne kibandani," akasema Bwana Whitlock, na mkononi alikuwa na mkasi wa kukatia ua, mrefu kama mkono wa mtu. Maafisa wakamtakia kilimo chema, wakaondoka na Foday. Usiku uliingia naye garini, dereva akawasha taa.

Walimwachia jioni, wakampa tarehe ya kurudi kituoni. Na usiku wake pia walimwachia abaki nao.

Kamera ya Isatu haikuwa imezimwa. Jumatatu Mwalimu Pettifer aliitazama picha yote amesimama, na ilipokwisha akaketi.

"Hii ina kila kitu," akasema. "Giza, kofia, taa za buluu. Kabidhi hii, chuo kikuu ni chako."

"Huyo ni mdogo wangu anakamatwa."

"Najua. Ndiyo maana ina nguvu."

Isatu alimtazama kwa chuki ambayo hakuwahi kujua kwamba anayo. Halafu akawaondoa polisi, akaondoa taa za buluu, akakabidhi wimbo wa vitunguu: doa jeusi lenye sauti ya mvulana, na pembeni mzee wa Kiingereza anayemwagilia viatu. Alama zilitoka za chini. Msahihishaji aliandika kwamba mwanafunzi ameifuata kanuni ya usiku bila kuihoji. Chuo kikuu kikampa nafasi mtu mwingine. Fergus alipata tuzo, na kwenye onyesho la Juni alizungumza vizuri juu ya mwanga.

Akina Kargbo walitoka kwenye onyesho saa tisa alasiri, wakarudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa limejaa barabarani. Foday alitangulia mbele peke yake, kama alivyojizoeza, ili asiwafunike wenzake.

"Unakimbilia wapi?" Mama akamwita. "Tungoje."

Wakaingia wote kwenye usiku wake, Mama akamshika mkono mmoja na Isatu mwingine. Humo ndani kulikuwa na baridi, lakini walionana vizuri, na Isatu akakiri kimoyomoyo kwamba kweli mtoto ana sura nzuri. Foday akaanza kughani kwa sauti ya chini.

Gari la polisi lilipunguza mwendo, likasimama. Afisa akashusha kioo, akasema kwenye redio yake kwamba kuna watu watatu gizani.

"Mikono ionekane," Mama akasema polepole, yake ikiwa imekwisha kuinuka, na watoto wake wakainua ya kwao.