Mwizi Asiye na Ndevu

Hodi ilipigwa wakati Naisula anamwadhibu Abdiel.

Alikuwa amepiga magoti chumbani kwake Sombetini, pazia limefungwa, tochi ya kuchaji ameisimamisha sakafuni ikimulika juu. Mbele yake, juu ya stuli, alisimama Abdiel wa udongo, urefu wa chupa ya soda. Mkono wake mmoja ulizama ndani ya koti, vidole vimemkaba mwanamke mdogo wa udongo. Mwanga ulipomjia kutoka chini, pua ilipanuka, macho yakazama, kidevu kikawa cha fisi. Naisula alikuwa amepiga picha moja tu kwa simu, na ilimtosha.

"Karibu," aliitika, akamfunika mwizi wake kwa kitambaa kibichi na kufungua pazia.

Aliyeingia hakuwa mtu anayemjua. Alikuwa mama mtu mzima, viatu vyake vimegandwa na udongo mweusi wa mlimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayetengeneza watu? Mbona mdogo hivi? Nilidhani nitakuta mtu mwenye mabega."

Akajitambulisha. Ni Tabitha, kutoka kijiji cha Poli, na binti mmoja wa kwaya ndiye aliyemwelekeza. Mumewe, Aminieli, alifariki akiwa na miaka thelathini na miwili, akamwacha na mimba. Mwaka uliofuata nyumba iliungua na picha zote. Jumapili hii wana ibada ya kumkumbuka, naye hana hata sura ya kuweka mezani.

"Nitakueleza alivyokuwa, umfinyange, kisha umpige picha. Moja tu. Isizunguke kwenye simu za watu. Marehemu alikuwa mtu wa haya. Niahidi uso wake hautazungushwa."

"Naahidi, mama," Naisula alisema, kwa wepesi kama anayekubali kikombe cha chai. "Haya, alikuwaje?"

Mama Tabitha alihangaika kutafuta maneno. "Ninaye mtoto anayejua kazi hii, hata kwenye televisheni wamemwonyesha. Nikimwambia mfinyange baba yako, ananijibu udongo haujakomaa. Miaka miwili! Hata ndizi za kiangazi hukomaa." Akakisogelea kile kitambaa. "Na hapa una nani?"

Kabla hajazuiwa, alishakifunua. Akashika ukingo wa meza.

"Aminieli," alisema.

Abdiel mwenyewe ana ndevu mpaka kifuani. Naisula alimnyoa kwa makusudi, ili mwizi asiwe na pa kujificha. Hakujua ni nani amejificha nyuma ya ndevu zile.

Macho ya mama yakashuka hadi kwenye koti. "Lakini mbona umempa mkono wa mwizi? Aminieli hakuokota hata ndizi iliyoanguka shambani kwa mtu."

"Huyo si Aminieli, mama. Ni Abdiel, mwenye studio kule Sakina."

"Abdiel ni mwanangu."

Furaha kali ilimpanda Naisula kooni. Mama wa mwizi, ameletwa mpaka mlangoni! Akamwaga yote. Sanamu kumi na mbili za wauza mboga wa Daraja Mbili, kazi ya mwaka mzima. Abdiel aliziazima kwa ajili ya maonyesho, akaziandika jina lake. Alipoulizwa mbele ya kamera, alicheka: "Yule binti alikuwa ananikandia udongo tu." Naisula hakulainisha hata neno moja. Kila alilosema alilitazama linapotua.

Mama Tabitha hakulia, wala hakumtetea mtoto wake. "Kumbe ndiyo maana udongo wake haukomai," alisema polepole. Akajifunga kanga vizuri. "Ya Abdiel nitamuuliza mwenyewe. Mimi nilikuja kwa ajili ya baba yake."

Alipoondoka, Naisula aliitazama ile picha ya simuni. Miezi minane, tangu aibiwe, ameisubiri. Maonyesho ya vijana yalikuwa yanafunga kupokea kazi Ijumaa saa sita mchana, na picha alikwisha kuipa jina: Mwizi. Mji mzima ungemtambua Abdiel, ndevu au bila ndevu.

"Niliipiga kabla ya kuahidi," alijiambia. Ilikuwa kweli. Lakini kila alipotaka kuituma, aliuona mkono wa yule mama ukishika meza.

Alijaribu kumfinyanga Aminieli kwa udongo mpya. Mara tatu alimtoa mtu asiyemjua. Vidole vyake vilikuwa vimefundishwa uso ule na chuki, na chuki ilikuwa imefundisha mara moja tu.

Alhamisi asubuhi akaukata ule mkono wa mwizi, akautoa ndani ya koti, akafinyanga mwingine mtupu na kuuning'iniza ubavuni. Kwa kidole gumba chenye maji akalegeza pembe za mdomo. Saa tatu jua lilipoingia kwa ubavu kupitia dirishani, aliegemeza sinia upande wa pili ili lirudishe mwanga kwenye shavu lenye giza. Akalivuta nyuma shibiri moja, mpaka kivuli cha pua kikawa laini. Akapiga.

Alikuwa hajawahi kupiga picha nzuri kama ile maishani mwake. Ilimkasirisha.

Ijumaa, saa tano na nusu, Lerionka wa duka la kuchapa picha Daraja Mbili aliinamia kompyuta yake. "Dada, huyu mtu anapumua! Niiweke kwenye kundi la wateja?"

"Hapana."

"Basi ipeleke maonyesho, muda bado upo. Ukipeleka hii, yule Abdiel na ndevu zake atahamia kukaanga chipsi."

Naisula alicheka bila kutaka. Picha mbili zilikuwa simuni mwake, na yoyote kati ya hizo ingetosha kummaliza Abdiel.

"Chapa moja," alisema. "Halafu ifute hapo kwenye kompyuta."

"Nifute? Una akili timamu?"

"Mbele yangu, Lerionka. Na kule kwenye takataka zake pia."

"Kwa hiyo Abdiel umemsamehe?"

"Nani kakwambia?"

Lerionka akafuta huku akitikisa kichwa. Naisula akatoa simu yake. Alianza na Mwizi. Kidole kilikaa juu yake muda mrefu kabla hakijabonyeza. Kisha akamfuta na Aminieli. Karatasi iliyochapwa, yenye joto bado, akaiweka katikati ya maboksi mawili ili isikunjike, akatoka kutafuta gari la Poli.