Pete Ndani ya Mbio za Tembo

Anjelika alikuwa na miezi miwili tu katika ndoa wakati mama mkwe wake, Kasiana, alipotoka Mpitimbi kuja kuwatembelea Songea mjini. Jumamosi Anjelika akampeleka kwenye ukumbi mpya wa michezo. Mle ndani watu walikuwa wameuzunguka mchezo mmoja: mbio za tembo. Unaviringisha mpira mdogo juu ya ubao. Mpira ukitumbukia kwenye tundu, tembo wako wa plastiki anapanda mlima hatua moja. Anayetangulia kileleni anapewa tiketi za kubadilisha na zawadi.

Mama Kasiana alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akakaza uso, akacheza kama mtu anayepalilia mahindi huku mvua inakuja.

Tembo wake akatangulia. Anjelika naye akaongeza nguvu, na alipoachia mpira akahisi kidole kimekuwa chepesi. Pete ilichomoka, ikabingirika nyuma ya mpira, ikazama tunduni.

Ilikuwa pete ya Mama Kasiana mwenyewe. Alivishwa na mumewe, na alipofiwa aliitunza mpaka mwanawe Rupert alipomwoa Anjelika.

Anjelika akaficha mkono ndani ya kitenge.

"Umechoka?" Mama Kasiana akauliza.

"Hapana, Mama."

Alikusudia kumwona mhudumu kwa siri. Lakini kengele ikalia, Mama Kasiana akawa ameshinda, akageuka kwa furaha kumshika mikono yote miwili. Anjelika akashindwa kuficha tena.

"Mama, nisamehe. Pete imetumbukia humo."

Mama Kasiana akamwita mhudumu, binti aitwaye Leticia. Leticia akazima umeme, akafungua mlango wa chini wa mashine. Mipira ikamwagika sakafuni. Pete haikuwemo. Akalala chali, akaanza kumulika kwa simu. Anjelika machozi yakamtoka.

"Usilie, mwanangu. Mimi pete hiyo niliipoteza kwenye udongo wa matofali. Tulivunja matofali mabichi arobaini ndipo tukaiona."

"Baba alisemaje?"

"Hakujua mpaka siku ya pili. Nilijifunga kitambaa kidoleni, nikamwambia nimejikata."

Anjelika akajikuta anacheka huku kamasi zinamtoka. Mzigo aliokuwa nao kifuani ukashuka, na pete bado haijaonekana.

"Ninaiona!" Leticia akapaza sauti. "Imenasa kwenye mnyororo unaovuta tembo."

Akaichokonoa kwa pini ya nywele. Ilitoka imejaa grisi. Mama Kasiana akaipangusa kwa kanga, akaifunga kwenye pindo.

"Jumatatu tunakwenda kwa sonara aibane," akasema. "Vidole vyangu vilikuwa vinene kuliko vyako."

Mama Kasiana akaenda kubadilisha tiketi zake, akarudi na chujio la chai, akalisifia njia nzima mpaka nyumbani.